Nguruwe Katikati ya Kitabu Changu

Mwaka jana, watu wa Butembo walipokuwa wakitakiana heri na baraka za mwaka mpya, mimi nilijiwekea lengo moja tu: apatikane mtu wa kunilalamikia. Sifa sikuzitaka. Sifa kwetu ni za bure, kila mtu anachovya vidole na kupita, kama maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Nilitaka mtu mmoja aje na kitabu changu mkononi, uso ameukunja, aniambie kwamba nimemuuzia kitabu kibovu.

Kilikuwa kibovu kweli, na nilijua.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Sina mume, jambo ambalo mjini hapa linatazamwa kama nyumba iliyokosa paa, na riwaya hii ilinila jioni za miaka mingi. Kwa kuwa hakuna mchapishaji anayekesha akingoja riwaya ya Kiswahili kutoka Butembo, niliilipia mwenyewe kwa mchapaji wa mjini, yule anayechapa kadi za harusi na sura za marehemu kwenye fulana. Katoni zilinifikia asubuhi ya siku ya ubatizo.

Ndiyo, ubatizo. Kwetu kitabu hakitoki hivi hivi. Kinatafutiwa parrain, yaani baba wa ubatizo, mtu mwenye mali na tumbo, ambaye anasimama mbele ya wageni na kukimwagia divai ya mapovu. Kisha nakala iliyolowa inapigwa mnada, watu wanashindana kutoa pesa ili waonekane, na picha zinapigwa. Kukisoma hakumo kwenye ratiba.

Basi asubuhi hiyo nikafungua katoni ya kwanza nikiwa bado na khanga. Nikapekua. Mwanamke wa hadithi yangu anambusu mumewe mgonjwa kwenye paji la uso, anabeba maharage yake, anatoka Kasugho kwenda soko la Kamango. Nikageuza ukurasa. "Nguruwe jike anayekaribia kuzaa atengewe banda lake." Nikageuza tena: namna ya kuchanganya pumba. Kurasa kumi na sita za nguruwe, na picha, mahali pa sura nzima ya Kamango, na ghafla mwanamke wangu yuko nyumbani tena, mume amezikwa, na mgongoni ana mtoto mchanga. Kwa jinsi kitabu kilivyokaa, msomaji angeweza kuamini kwamba nguruwe ndio waliomuua yule mume. Nikafungua katoni nyingine. Zote zilikuwa hivyo.

Nilimpigia mchapaji simu nikifoka. Yeye hakufoka.

"Ah, maman, ile ya nguruwe ni ya projet ya bafugaji. Tulichanganya mu kushona. Pole."

"Pole? Na batu bako njiani?"

"Mais bakuye tu. Batu hapana somaka bitabu, maman. Banachukuaka, banaweka mu salon. Hapana mutu ataona."

Kosa lilinichoma, lakini uhakika wake ndio ulionichefua. Hapo nikakata shauri. Nitanyamaza. Wa kwanza atakayekuja kunung'unika nitamnunulia chakula, nitamshika mkono, nitampeleka mpaka kwenye mashine za yule bwana, nimwambie: tazama, huyu hapa anasoma.

Parrain wangu alikuwa mfanyabiashara wa kakao. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu utoto wake, magari yake na ubaya wa barabara, akasema kitabu hiki ni "taa ya jimbo", akamwaga divai. Divai ikaingia mpaka kwa nguruwe. Watu wakapiga vigelegele, nami nikatabasamu kama bibi harusi.

Kisha nikaanza kungoja. Januari nikajiambia bado wanasoma polepole. Pasaka ikapita. Nikaanza kuwatembelea watu, kwa hila, kama mtu anayepita tu kusalimu. Kwa parrain nilikikuta kitabu ndani ya kabati la kioo, kati ya bilauri na saa ya ukutani iliyokufa, bado kimevaa nailoni yake. Nikamuuliza kilimgusa wapi. Akafumba macho kama anayeonja kahawa.

"Pale mu kati, madame. Pale pa kati paliniingia sana."

Mkuu wa shule yetu, aliyeletwa na serikali kutoka jimbo la mbali na ambaye hajawahi kutusamehe kwa hilo, alinisimamisha mbele ya walimu wote. "La partie du milieu, madame. C'est profond." Eti sehemu ya katikati ina kina. Nikamshukuru. Mama mmoja wa kwaya akaniambia alilia. Nikamuuliza alilia kwenye ukurasa gani. Katikati, akasema. Sijui alimlilia nguruwe yupi.

Nilikuwa nikirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani, halafu nikifika nakosa hata hamu ya kula. Maana nilikuwa naomba Mungu mchapaji asiwe sawa, na kila mlango niliobisha ulimpa haki. Mji mzima unaojua bei ya kila bati linaloingia kutoka Uganda haukuwa na mtu mmoja wa kugeuza kurasa kumi na sita. Niliwadharau, na nilifanya hivyo kwa bidii, kama kazi ya pili. Darasani nilikuwa natazama wazazi wakija kuchukua matokeo na kusema moyoni: wewe hukusoma, wewe pia hukusoma, na wewe ulinunua mbili hukusoma hata moja.

Mwaka ukaisha bila lalamiko. Nikajiwekea lengo jipya, la hasira: nitakichapisha tena kwa mchapaji mwingine, kamili, na ile sura ya Kamango mahali pake. Bila parrain, bila divai, bila kabati la kioo. Sura hiyo ndiyo nzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Wasiposoma, basi wasisome kitu kizuri.

Sikukuu ya mwaka mpya huwa naila mji wa jirani, Beni, kwa yaya wangu, dada mkubwa aliyenilea. Huko mezani kuna desturi yao: baada ya kula kila mtu anasimama na kutaja projet yake, yaani mpango wake wa mwaka, na wengine wanapiga makofi. Mpwa wangu wa kwanza akasema atanunua parcelle, kiwanja chake mwenyewe, upande wa Mbau, Mungu akipenda. Makofi. Wa pili akasema atanunua parcelle kubwa kuliko ya kaka yake. Makofi zaidi. Shemeji akasema atamaliza ukuta ambao, kwa kumbukumbu yangu, anaumaliza kila mwaka. Nilikuwa nawasikiliza kwa dharau yangu ya kawaida huku nikitafuna nyama, na nyama ilikuwa tamu, ya nguruwe, laini.

"Hii mulinunua wapi?" nikauliza.

"Hapana nunua," shemeji akasema. "Ni ya kwetu. Tulifuata kitabu yako."

Nikaacha kutafuna. "Kitabu gani?"

"Yako! Pale mu kati. Jike itengewe banda yake. Na pumba, vile ulisema."

Walikuwa wamesoma. Niseme wazi: nilifurahi mpaka macho yakajaa maji, pale pale mbele ya sahani. Kisha furaha ikageuka ikawa hasira, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Mwaka mzima nimebisha milango ya watu wa Butembo, na hawa wako hapa na mabanda yao?

"Na kwa nini hapana mutu aliniambia?"

Wakatazamana. Mpwa wa kwanza akajikaza asicheke. "Tulipatana tusikuseme, tantine. Tulifikiri hadithi ilikuisha, ukaongeza nguruwe juu kitabu ikuwe munene."

Wote wakaangua kicheko. Ndivyo tulivyo watu wa huku: ukiuma kijiwe ndani ya maharage ya mwenyeji unakimeza, unasema yameiva vizuri. Nilikuwa mwenyeji niliyepika vijiwe, na walikuwa wamevimeza mwaka mzima kwa heshima. Nikawaza parrain, mkuu wa shule, mama wa kwaya. Huenda walinidanganya. Huenda pia walinihurumia. Sikujua lipi lilikuwa baya zaidi, na bado sijui.

Yaya hakucheka. Alikusanya sahani, akaniashiria nimfuate jikoni. Huko akafunga mlango kwa kiwiko.

"Bale ni batoto," akasema. "Mi nilijua. Uliandika ya Mama, kisha ukasikia haya, ukafunika na nguruwe. Nilisoma mara mbili. Aksanti, mudogo wangu. Ulimuheshimu."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu haya ndiyo yanayoelezwa na sura ile. Mwanamke wa hadithi yangu ni mama yetu. Alikwenda Kamango na maharage, akampata mwanamume aliyeyanunua, akakaa naye. Nyumbani mumewe akawa anazidi kuugua, na aliyemwogesha na kumlisha alikuwa yaya, msichana mdogo bado, mpaka walipomzika. Mama alirudi baadaye na mtoto mgongoni. Majirani wakahesabu miezi kwa vidole, wakanyamaza. Mtoto yule ni mimi. Jina ninalosainia vyeti vya wanafunzi ni la mtu ambaye hakuwa baba yangu. Ukiziondoa kurasa za Kamango, zile ambazo nguruwe walizikalia mahali pake, mtoto anakuwa wa marehemu na Mama anakuwa mjane kama wajane wengine. Nguruwe walikuwa wamefanya kazi ambayo familia yetu imeifanya maisha yangu yote.

Ningeweza kukubali shukrani yake. Ilikuwa imeshatolewa, ilikuwa nzuri, na hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu.

"Sikufunika, yaya," nikasema. "Ni batu ba imprimerie balikosea mu kuchapa. Niliandika yote. Mwaka huu inatoka yote. Ndiyo projet yangu."

Akaweka sahani chini taratibu.

"Papa alikufia mu mikono yangu. Mama hapana kuwa. Na batu baliniuliza kila siku Mama iko wapi, nikasema iko ku shamba. Sasa unataka batu basome?"

"Ni ya kwangu pia, yaya. Ule mutoto ni miye."

"Najua ni weye. Nani alikubeba?"

Mimi nikibanwa huwa nauma. Nikachukua maneno ya mchapaji, yale niliyoyachukia mwaka mzima, nikamtupia: "Usiogope. Batu hapana somaka bitabu."

Yaya akanitazama. Ana macho ya Mama.

"Mi nasomaka," akasema.

Kisha akafungua mlango, akarudi kwa wengine na chai, akamwagia kila mtu, na mimi pia. Hakuna aliyeniuliza projet yangu. Asubuhi yake nikapanda gari la kurudi Butembo na nyama aliyonifungia kwenye majani ya mgomba, kama kila mwaka.

Sura ile nimeipeleka kwa mchapaji mwingine wiki iliyopita, neno kwa neno. Nilijaribu kupunguza nikashindwa. Siwezi kuishi chini ya nguruwe ili Butembo ilale vizuri, na Butembo wala haikunikosesha usingizi. Anayenikosesha ni msomaji mmoja, yule niliyemtafuta mwaka mzima kwa kila mlango isipokuwa wake. Namba yake naipigia kila Jumapili baada ya misa. Inalia mpaka inakatika.