Walihamia

Gazeti letu lilikuwa na waandishi wa kila namna. Mimi nilikuwa wa kutembea: natumwa, nakula vumbi, narudi na habari. Mwandishi wa tahariri hakutoka ofisini. Aliijua nchi nzima akiwa kitini, na wala hakuona haya. Wa mashairi alikuwa dereva wa lori kule Kurasini, akituletea beti za kusifu vijiji ambamo hajawahi kulala hata usiku mmoja. Halafu kulikuwa na msanifu, ambaye hakuandika lolote lake. Kazi yake ilikuwa kunyoosha maneno ya wenzake. Huyo ndiye niliyemwogopa.

Watu walipokuwa wakipelekwa kwenye vijiji vipya, nilitumwa kusini, kwa kuwa ndiko kwetu. Nikamkuta baba yangu amekaa mbele ya kibanda cha nyasi. Mgambo walikuwa wameezua nyumba yake ya zamani ili asirudi, na mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake ilibaki huko mbali, nyani wakijilia. Hakuichukia serikali. Aliamini tu kwamba wakubwa wa Dar es Salaam hawajui.

"Wewe si uko gazetini?" akaniambia. "Andika, mwanangu. Wakisoma, wataniruhusu nirudi kwenye mikorosho yangu."

Nikarudi chumbani kwangu Temeke, nikaandika kwa hasira lakini kwa adabu: wanakijiji walihamishwa, na nyumba zao ziliezuliwa.

Msanifu aliisoma mbele yangu. Akakata maneno ya nyumba kuezuliwa, kisha kalamu ikasimama.

"Dada, hili 'walihamishwa' litatuponza. Tuseme 'walihamia'."

"Mmoja wao ni baba yangu."

"Mpe shikamoo yangu," akasema, wala hakuwa anatania. "Lakini mie nina watoto, na wewe kazi unaitaka. Walihamia."

Nikaenda kwa mhariri mkuu. Akaniambia nisilete mambo ya nyumbani kazini. Habari ikatoka na jina langu juu, pembeni yake beti za yule dereva.

Mvua zilipokwisha, baba alikuja Temeke. Gazeti lilikuwa mfukoni mwa kanzu, limekunjwa vizuri. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Nikajaribu kumweleza habari za msanifu na kalamu yake, lakini hakunielewa. Kwake gazeti lilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

"Jina hili si lako?"

"Langu, baba."

Akalikunja tena gazeti lake.

Jioni jirani yangu, mtu wa kusini naye, alikuja kumwamkia. Akamuuliza ni nani siku hizi anayemwokotea korosho zake. Baba akamjibu kwamba hana tena mikorosho. Akasema aliiacha kwa hiari yake, na binti yake alikuwepo, akaona, akaandika.