Ukuta wa Moto Ndani ya Droo

Nilikuwa nimetoka kuoga, nakunywa chai mapokezi kwenye gesti moja ya Nyakanazi, dereva wa lori alipomsogezea mwenye gesti simu yake.

"Shikamoo mama. Huyu si wewe?"

"Marahaba." Mama akainama kutazama, mkono ukamganda mdomoni. Kwenye simu, mwanamke mwenye kitenge kilekile naye alikuwa amejishika mdomo! Dereva akagusa tena. Ukatokea ujia wa bafuni, watu wanapita na mataulo. Chai ikanipalia.

"Nimeunganisha intaneti yenu tu," alisema dereva, "kamera zikajileta zenyewe."

"Haiwezekani! Fundi alinifungia kifaa cha ulinzi. Waya wa kamera unapita humo kwanza, ndipo uende kwenye ruta ya intaneti."

"Kiko wapi?"

Mama akafungua droo. Kisanduku kilikuwa kimeviringishwa kwenye kanga.

"Nilikichomoa, waya nikauchomeka moja kwa moja kwenye ruta. Fundi alisema kinaitwa ukuta wa moto. Nikakigusa, kweli cha moto! Niende kanisani niache moto unawaka, wageni wamelala?"

Kumbe ni ile "firewall" ya Kiingereza, inayozuia wageni wasiingie kwenye mtandao. Tunatafsiri majina ya mitambo neno kwa neno, halafu tunashangaa mtu akituamini.

Dereva alikirudisha kati ya waya wa kamera na ruta, na picha zikapotea simuni. Jioni nilipopita mapokezi, vitaa vya kisanduku vilikuwa vinapepesa. Pembeni yake mama alikuwa ameweka ndoo ya mchanga, nyekundu, kama zile za kituo cha mafuta.