Yupo Mgombani

Barua ile ilinikuta peke yangu ofisini, mjini Moshi, miaka ile intaneti ilipokuwa bado ngeni na sisi tukijiona wataalamu kwa kuhifadhi tovuti za watu kwenye kompyuta zetu. Ilitoka kwa mawakili wa ng'ambo. Nyimbo za kwaya zilizo kwenye ukurasa wa mteja wetu mmoja, walidai, ni mali ya kampuni yao. Tuwape jina lake, simu na anapoishi, la sivyo tutashtakiwa sisi.

Hapakuwa na amri ya mahakama wala muhuri. Lakini woga nao ni ugonjwa! Nikafungua faili, nikanakili kila kitu: jina la mwanamke, namba ya simu, Kibosho chini ya parokia. Nikatuma. Bwege mimi.

Siku ya tatu roho ikanisuta, nikapanda Kibosho kumwomba radhi huyo mama. Ulikuwa mchana, ila ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Akanipokea mzee, yule yule aliyeleta ofisini fomu ya kuombea ukurasa ule.

"Shikamoo baba. Mama yupo?"

"Marahaba. Yupo mgombani. Twende."

Nikamfuata chini ya majani yaliyokuwa yakidondosha maji. Aliposimama palikuwa na msalaba wa saruji, na jina nililolituma limechorwa pale.

"Sauti ni ya mke wangu, kwa hiyo fomu nikaijaza jina lake," akasema. "Ningeandikaje langu? Mimi hata sikuimba."

Nikaanza kuungama. Akanikatiza.

"Wameshapiga simu, juzi na jana. Wanamtaka kwa majina yake yote, hata la ubatizo. Mwanangu, miaka sita hakuna aliyemwulizia! Nikawajibu yupo mgombani, wapige tena leo."

Alikuwa akitabasamu. Mungu wangu, tabasamu lile lilinitisha kuliko kaburi.

Simu ikaita mfukoni mwa koti lake. Akanipa.

"Wewe Kiingereza unakijua. Waambie anakuja."

Sauti ya kike, ya upole, ikalitaja lile jina lote. Mzee akainama kidogo kuelekea msalabani, akisikiliza. Nami niliyewapa yote bila hata kuulizwa mara mbili, nikaona sasa angalau niseme kweli. Nikawaambia amefariki, dead.

Neno hilo moja la Kiingereza mzee alilielewa. Akapiga yowe, na majirani wakaja mbio wakiuliza nani amefariki.