Mkono wa Ernesta ulivyopinga mkutanoni

Saa tatu asubuhi, Ernesta anachovya vidole kwenye maji uani kwake, Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, kisha anasita. Chungu kilicho mbele yake kimesimama vizuri. Binti yake ndiye aliyekiinua jana. Kilichobaki ni mdomo, na mdomo wa chungu ni kazi ya mkono wa kulia. Mkono huo haujagusa udongo kwa wiki tatu.

“Leo ndiyo nitajua kama mimi bado ni mfinyanzi,” anasema, akicheka kidogo kwa woga.

Ana miaka arobaini na mmoja na amefinyanga tangu utotoni. Alikuwa akitoa vyungu kumi kwa wiki, na nusu ya majiko ya kijiji hiki kilichoanza mwaka 1974 yanapikia kazi yake. Mwaka jana kikamwota kifuko cha majimaji juu ya kifundo cha mkono, kwanza kidogo kama kunde, baadaye kama gololi. Kila alipokandamiza udongo, maumivu yalipanda hadi begani.

Mwezi uliopita alipanda lori hadi hospitalini Kasulu mjini, kifuko kikatolewa kwa muda usiozidi nusu saa.

“Walinipiga ganzi, nikawa napiga soga na daktari mpaka akamaliza,” anasimulia.

Balaa lilianza siku ya pili. Mkono uliumuka kama andazi, vidole vikagoma kukunjika. Majirani hawakumwacha apumue: mmoja alisema kisu kimegusa mshipa, mwingine akamshauri ajifunze kuuza dagaa. Ernesta alilia.

Muuguzi Tunu wa zahanati ya kijiji, mzaliwa wa Tanga, aliukagua mkono, asione usaha wala homa.

“Kuvimba huku ni kawaida, mama. Kutapungua polepole,” alimwambia. “Chezesha vidole, na mkono usiuning'inize. Uwe juu ya moyo muda wote.”

Muda wote, Ernesta alivyoelewa, ni muda wote. Alikula mkono ukiwa juu. Alilala umefungwa kwa kanga kwenye boriti. Mumewe, Laurent, anasema wapita njia walikuwa wakimpungia, wakidhani anawasalimu.

Na mkutano wa kijiji alikwenda hivyo hivyo, mkono juu.

Siku hiyo mwenyekiti, Renatus, alileta pendekezo la kulima mpunga katika bonde ambamo wafinyanzi huchimba udongo wao. Habari hiyo ilimchoma Ernesta, lakini hakuwa amewahi kufungua kinywa mkutanoni. Mwenyekiti akauliza, kama ilivyo desturi, nani anapinga. Mkono mmoja tu ulikuwa juu.

“Mama Pasikali, unapinga?” mwenyekiti akamuuliza Ernesta.

“Niligeuka nyuma, kana kwamba yuko Mama Pasikali mwingine!” anasema Ernesta, akifuta machozi ya kicheko. “Nilitaka kusema ni masharti ya muuguzi. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, nikajikuta nasema: ‘Ego, ndiyo, napinga! Mkilima pale, vyungu vyenu nitavifinyanga kwa ugali?’”

Mkutano uliangua kicheko, na mikono ya akina mama ikaanza kupanda mmoja mmoja. Mpunga umehamishiwa ng'ambo ya mto.

“Miaka miwili naongoza mikutano, sijapata kuona mkono wa kupinga,” anasema Renatus, ambaye hana kinyongo hata kidogo. “Wa kwanza umekuja na bandeji!”

Bonde limepona. Mkono je?

Ernesta anavuta pumzi, anainama, anabana ukingo wa udongo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kuanza kukizunguka chungu kinyumenyume. Mzunguko wa kwanza, mdomo unapinda. Wa pili, unanyooka. Wa tatu, kifundo kinajikunja bila maumivu, na Ernesta anapiga kigelegele kinachowatoa majirani ndani.

Ana furaha isiyofichika. Uvimbe uliobaki ni mdogo tu, pembeni mwa kovu. Jumamosi ijayo atachoma vyungu, na akina mama wamekwisha kumwomba agombee nafasi katika halmashauri ya kijiji.

“Nitagombea,” anasema. “Muuguzi ameniruhusu kuushusha mkono. Sasa nitaunyoosha ninapotaka mimi.”