Sikumkosha Mamangu kwa Mikono Yangu

Mimi nilikuwa nakosha maiti. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinitazama leo na mkongojo wangu hawaamini kwamba nilikuwa mwanamke wa kuitwa asubuhi, nikasimama saa mbili nzima nikimgeuza mtu mzito kuliko mimi. Sikuwa nikilipwa, ilikuwa thawabu tu. Kazi hiyo nilifundishwa na mamangu, naye alifundishwa na mamake huko Unguja kabla hawajahamia hapa Maskati. Akifa mwanamke katika jamaa zetu waliotoka Zanzibar, simu ilipigwa kwetu Al Khuwair kwanza.

Mama alikuwa na wasia mmoja. Alikuwa akinambia, "Siku yangu ikifika, unikoshe wewe, Asya. Sitaki mkono wa mtu mwengine." Aliusema hata tukiwa tunakula. Mimi nikimjibu inshallah, na wallahi sikuwa na wasiwasi wowote.

Ugonjwa ulianza miguuni, nikiwa na miaka arubaini na moja. Nyayo zilikufa ganzi, nikawa nakanyaga sakafu kama niliyevaa soksi nene. Kisha jicho la kulia likaingia ukungu, na nikiligeuza linauma. Nikasema ni uchovu. Mwezi wa saba, na joto la kwetu mnalijua, nilishuka garini Ruwi kwenda kununua kitambaa. Sijafika mlangoni mwa duka, magoti yalilegea nikakaa chini, na mkojo ukanitoka pale pale mbele za watu. Nalisema wazi kwa sababu wako wenzangu wengi wanaolificha hili na wanateseka peke yao.

Mama akaona nimepatwa na upepo mbaya kwa ile kazi yetu. Akachemsha majani yake, akaniinamisha juu ya sufuria, akanifunika mablanketi mawili nifukizwe. Masikini mamangu, alifanya kwa mapenzi. Aliponifunua sikuweza kusimama, na lile jicho lilikuwa halioni kitu. Alilia akidhani ameniua. Nilipopoa miguu ilirudi kidogo, lakini siku ya pili tulikuwa hospitali.

Nikapigwa picha za kichwa na uti wa mgongo, nikatolewa maji ya mgongo. Daktari, mwanamke wa Kiomani, akatueleza taratibu kwa Kiarabu kwamba kinga ya mwili wangu inaila ile ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Maradhi yenyewe yanaitwa multiple sclerosis. Hayaponi, ila zipo dawa za kuyapunguza kasi. Mama akauliza kama ni mafusho yaliyonitia ugonjwa. Akaambiwa sivyo, joto linaifanya ile mishipa iliyokwisha kuumia ishindwe kazi mpaka mwili upoe. Mama akauliza swali jengine moja, kama nitaweza kunyanyua vitu vizito. Daktari alidhani anauliza kazi za nyumbani. Mimi nilijua anauliza nini.

Miaka minane imepita sasa. Sijapona, nimejifunza kuishi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinambia nguvu zangu za siku ni kama maji ya tangi la darini, nikiyamaliza kwa kufua asubuhi, jioni sina ya kutawadhia. Basi nikaigeuza nyumba. Naoga nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Maji ya bomba kiangazi yanachoma, kwa hiyo najaza ndoo usiku, inalala ndani yapoe. Napika asubuhi mapema nikiwa nimekaa, na vitunguu vinakatwa na mashine. Nikitoka, navaa shingoni, chini ya buibui, kitambaa kilichoroweshwa maji ya barafu. Chooni nakwenda kwa saa, sisubiri kubanwa. Nasali kitini. Kwenye sinia nakula kwa kijiko, kwa kuwa ganzi imeshafika vidoleni, na anayetaka kucheka acheke.

Lakini mjinga nilikuwa mjinga. Nyumbani nilikaa, mbele ya watu nilisimama. Mtu mzima akiingia nami nimekaa kitako, nilikuwa naona nimemvunjia heshima, na ndivyo nilivyolelewa. Nilisimama kwa kila mmoja, wakiondoka nalala siku mbili. Na jengine kubwa zaidi. Mwanangu Rahma, ana miaka ishirini na nne, aliniomba mara nyingi nimfundishe kukosha. Nikamkatalia. Kumfundisha yeye kulikuwa sawa na kukiri kwamba mimi sitaweza, na ule wasia ndio ulikuwa ukinitoa kitandani kila asubuhi.

Mama alifariki kitandani mwake baada ya sala ya alfajiri, mwezi wa nane mwaka jana. Maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Wifi yangu Saada alinitia chumbani, akawasha kiyoyozi, akanikanya nisitoke mpaka niitwe. Nilimuitikia. Nikasikia sauti za wanawake wa rika la Mama, wale aliocheza nao Unguja, wanaingia. Nitakaaje ndani? Nikatoka. Nikasimama kwa kila mmoja wao, nikiwakumbatia, nikilia nao, tangu saa mbili mpaka saa tano. Saada alinisogezea kiti mara tatu, nami nikakisukuma.

Kukosha tuliingia mimi, Saada na Rahma. Chumba kilikuwa na joto, na maji yenyewe ya vuguvugu. Nilianza na mkono wake wa kulia. Kitambaa kikaniponyoka. Nikakiokota, kikaniponyoka tena. Vidole vilikuwa vyangu kwa kuviona tu. Kisha mapaja yakaanza kutetemeka, nikajikuta nimeegemea kifua cha mamangu.

"Kaa, wifi," Saada alinambia. "Utamwangukia."

Wakanikalisha kitini. Nililia kwa aibu. Mwili wa Mama uko mbele yangu, nusu hatua tu, na mimi siwezi kukamua kitambaa. Hakuna mtu pale aliyejua kazi ile zaidi yangu.

Rahma akakunja mikono ya nguo. "Mama, mimi nipo. Niambie tu nianzie wapi."

Nikamwambia. Nilimwambia asimfunue, mkono upite chini ya shuka. Nikamwambia alikande tumbo polepole. Kisha amtawadhishe, kisha kichwa, upande wa kulia kwanza, maji ya mwisho yawe na kafuri. Kila akimaliza kitu ananitazama. Nywele alizisuka mafungu matatu vizuri kabisa. Sijawahi kumwona mwanangu akiwa na subira namna ile.

Saada anasema wasia umetimia, kwa sababu Rahma ni damu yangu na maneno yalikuwa yangu. Wengine wanasema hivyo hivyo. Mimi sijui. Mama alitaka mkono wangu, na mkono wangu haukumfikia.

Namshukuru Mungu kwa dawa, kwa daktari aliyenivumilia, na kwa mwanangu ambaye sasa ndiye anayepigiwa simu watu wakifiwa. Nakwenda naye, nakaa pembeni, namwelekeza. Na wewe uliyeanza kuhisi ganzi, nenda hospitali mapema, usifukizwe. Ukiambiwa ni maradhi haya, usikate tamaa, utaishi, utapika, utacheka. Mfundishe mtu unachokijua ungali na mikono. Na wageni wakija, kaa. Wape mkono ukiwa umekaa, anayekupenda atainama. Mimi siku ile nilisimama kwa kila mwanamke aliyeingia nyumbani kwetu. Aliyenikosa alikuwa mamangu peke yake.