Kutu Niliyoipeleka Chuoni

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki. Shule nikaishia darasa la tatu, nikaanza kukwangua kutu kwenye matangi na milango ya watu Kilwa Masoko. Elimu yangu ni moja: usipokwangua chuma, rangi haishiki. Kwa elimu hiyo nimesomesha mpaka mjukuu, Mwanaidi, yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Anasomea kutu. Sitanii.

Simu yake ndiyo iliyonitoa nyumbani. "Babu, sumaku haikai. Nimebaki na vibao viwili. Navyo vikishindwa, mwaka huu simalizi."

Alfajiri, Somanga, ninakoishi sasa. Nikapanda basi, msasa wa kusugulia mageti mfukoni. Jirani wa kiti akauliza naenda wapi.

"Kufundisha chuo kikuu."

Akazitazama kandambili zangu, akageukia dirishani.

Saa sita, chuoni. Mwanaidi akanionyesha kibao cha fuwele, ukubwa wa ukucha. Juu yake wanaweka utando wa oksidi ya chuma, mwembamba hata jicho haliuoni.

"Yaani kutu," nikasema.

"Kutu ya aina yake, Babu. Hii ina sumaku. Ila uso wa kibao ukiwa mbaya, sumaku inapungua."

"Miaka hamsini naitoa, kumbe nyie mnaiweka."

Akaenda kuswali adhuhuri. Nikakigusa kibao kimoja: kinateleza kama kioo. Kitu gani kitashika hapo? Nikakipitishia msasa mara mbili, nikakirudisha.

Kesho yake, chumba cha mashine. Wakakiwekea kibao kile utando, wakapima. Sumaku ikapanda kuliko walivyotarajia. Mwalimu wake akamwambia ayaandike matokeo. Nikashindwa kunyamaza.

"Andikeni na jina langu. Nimekisugua mimi."

Mwalimu akaomba msasa, akausogezea sumaku. Vumbi jeusi likairukia.

"Babu," Mwanaidi akasema taratibu, "hiyo siyo sumaku ya utando wangu. Ni ya vumbi la mageti yako."

Nikarudi Somanga, na safari hii sikumsemesha jirani wa kiti.

Wiki mbili baadaye Mwanaidi akapiga simu. "Kile cha mwisho nilikiosha kwa asidi, nikakichoma kwenye tanuri mpaka uso ukalainika. Sumaku yake ndogo kuliko yako, lakini ya kweli. Mwalimu amekubali."

"Na ile yangu ungeiandika?"

"Ungenyamaza, ningeiandika. Halafu wangegundua, wangenifukuza."

Kwa hiyo majivuno yangu ndiyo yaliyomwokoa. Mke wangu anasema nisilirudie hilo mbele ya wageni. Nilichojifunza: kuna uso unaotaka kukwanguliwa, na kuna unaotaka mkono wangu ukae mbali.

Leo nina nyumba ya vyumba vitano, karakana ya mageti, mikorosho arobaini Kikole, msasa mpya, na kibao kimoja cha ukubwa wa ukucha, kimekwaruzwa, ambacho Mwanaidi hakukitaka tena.