Kipande cha Jirani kwenye Njia ya Kasungami

Wiki iliyopita watu wawili wa komini, serikali ya mtaa wetu, waliingia uani mwetu na karatasi mkononi. Waliomba wazee wawaonyeshe mahali njia za zamani za miguu zilipopita, kwa kuwa wanataka kuzifungua tena na kuzisimamishia vibao. Niliwapeleka mwenyewe. Hatukwenda mbali, tulifika kwenye ukuta wa matofali wa nyumba ya mtu, nikawaambia kwamba njia inapita hapo, chini ya sebule yake. Wakaandika, wakashukuru, wakaenda zao. Nami nilirudi nikiifikiria njia ile, ndiyo sababu nimemketisha mjukuu wangu hapa na kalamu, kwa maana mimi sikuingia darasani hata siku moja.

Njia ninayoisema ilianzia nyuma ya nyumba zetu, ukingoni mwa mji ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Ilikata mashamba ya viazi vitamu, ikavuka kijito juu ya magogo mawili, ikafika Kasungami, ambako wanawake wetu walilima mahindi na mihogo. Ilikuwa njia ya watu wote, na komini iliitunza kwa utaratibu ambao watoto wa leo hawaujui. Kila nyumba ilipewa kipande chake, kuanzia jiwe lililopakwa chokaa hadi jiwe linalofuata. Jumamosi alipita kantonye, mfanyakazi wa komini aliyekabidhiwa njia, akipima upana kwa fimbo na kutazama kimo cha majani. Jumapili, watu wakitoka kanisani, alipiga kengele akitangaza kwamba magogo ya kijitoni yamebadilishwa, na kwamba atakayependa kupita relini asije kuilaumu komini treni ikimkuta. Na kipande kilichokutwa na majani mara tatu mfululizo kilileta balaa: nyumba yake iliandikwa kuwa haina mtu, ikapewa wengine waliokuwa wakingoja.

Nililelewa na nkambo wangu, mama yake baba. Kabla jua halijachomoza alinivuta shuka. Nilikunywa uji wa mahindi uliobakia na harufu ya makaa, kisha tukashika majembe. Umande ulitulowesha hadi magotini, moshi wa tanuru za shaba ukatukaa kooni, na jembe lilipogonga changarawe lilitoa sauti ambayo hadi leo naisikia menoni.

Kipande kilichopakana na chetu kilikuwa cha mama mmoja mwenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, muuza mikate ya mafuta, ambaye mumewe alikuwa karani dukani mjini. Yeye hakutosheka na kulima; alifagia. Nkambo alimcheka.

"Utafagia mpaka Kasungami? Njia haina kitanda, mama. Hakuna mwenye kulala humu."

"Weye lima tu. Siku utaanguka na beseni yako, utakuja kuangukia kwangu, sababu kwangu ni pasafi."

Walicheka hivyo kila juma, kisha jirani akanipa mkate wa moto umefungwa kwenye jani.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na nchi. Bendera ya misalaba mitatu ilipandishwa, na baada ya muda watu wa Kasai, ambao jana tu walikuwa jirani zetu, wakaanza kutazamwa kama maadui. Vijana walipita mitaani wakiuliza nyumba ipi ni ya nani. Asubuhi moja jirani alifika mlangoni kwetu, mtoto mgongoni na beseni kichwani.

"Tunaenda kwa kambi, kwenye bale bengine bamekimbilia. Munilimie kipande yangu, mama. Majani ikiota, batapana nyumba kwa bengine."

Nkambo aliitikia kwa kichwa. Jirani alipokwisha kuondoka, akanigeukia. "Utalima bipande mbili. Na kantonye akiuliza, mama iko kwa soko."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na majani yaliota kama yaliyotumwa. Nililima vipande viwili, mikono ikatoka malengelenge. Mara kadhaa kantonye alipita, akatazama, akaendelea na safari yake. Jumamosi moja nkambo alikuwa amekwenda kupanga foleni ya chumvi, nami nilikuwa peke yangu nilipomwona anakuja, akifuatwa na mtu mwingine wa komini mwenye daftari kubwa. Kantonye aliinamia alama za jembe langu, zilizokuwa fupifupi, za mkono wa mtoto. Aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionishinda.

"Hii siku mingi haifagiliwe. Mama yetu wa kufagia, iko mugonjwa?"

Angeuliza kwa ukali, ningesema sokoni. Nilimhurumia kwa wasiwasi wake. "Hapana, tata. Haiko mugonjwa. Iko kwa kambi."

Kantonye alifumba macho. Mwenye daftari alikuwa ameshasikia.

"Kama mwenyewe haiko, nyumba haina mutu," akasema, akaandika. "Hii majani ulikata, ulikata bure."

Nkambo hakunipiga. Aliniwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akasubiri nimege tonge la kwanza, ndipo akasema, "Kinywa yako ilikula nyumba ya mutu." Hakulirudia neno hilo maisha yake yote. Juma lililofuata watu wageni walianika nguo zao kwenye kamba ya jirani. Wao hawakujali njia, nami nikaendelea kulima kipande kile, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya.

Miezi ikapita. Mchana mmoja nilimwona jirani akija kwa miguu kwa njia ile ile, amekonda. Nilijificha nyuma ya jiko. Aliziona nguo za wageni, akaketi kizingitini petu, akanywa maji aliyopewa na nkambo.

"Mutoto iko wapi? Nilitaka nimushukuru. Nimepita pale, naona alilima muzuri sana."

"Alienda kuchota maji," nkambo akajibu.

Nilibaki nimekaza mkono mdomoni hadi alipoondoka. Tulisikia baadaye kwamba walipanda treni ya kurudi Kasai, kwa kina mumewe, ambako yeye hakuwa amezaliwa wala kuishi.

Baada ya hapo kila nyumba iliacha kipande chake, moja baada ya nyingine. Kantonye naye hakuonekana tena. Majani yalifunika mawe, kisha watu wakajenga juu yake. Zamani tulijua nani yupo na nani ametoweka kwa kutazama tu chini, pale miguu inapopita. Leo mtu anaweza kuondoka mtaani kwetu na watoto wake wote, na hakuna jani hata moja litakalotuambia.